Cherehani ya mkono mrefu, Iringa hadi Mbeya: mchukuzi nyota mbili, fundi nyota nne na nusu

Nilinunua Iringa mashine ya kushonea kwilti, yale mablanketi ya viraka, nikaisafirisha hadi kwangu Mbeya, ikafika inaruka mshono. Nianze na fundi, kwa sababu ndiye aliyenirudishia usingizi. Mchukuzi asubiri, zamu yake inakuja.

Fundi yuko Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwenye vichochoro vya nyuma ya soko, kibanda cha mabati katikati ya muuza zipu na mama wa maandazi. Hana bango. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, miwani ameifunga kwa mpira kisogoni. Nilipomfikia nilikuwa nimeshapoteza wiki mbili na elfu thelathini. Nikamwamkia, nikamwonyesha video ya mashine kwenye simu. Akaitazama mara mbili bila kusema neno, kisha akauliza swali moja tu: "Chini kuna ndoana inayozunguka, au shato la kwenda na kurudi?" Nikamwambia inazunguka. "Basi ni cherehani hiyo, mama. Nitakuja Jumatano."

Akaja Ijumaa. Nusu nyota niliyomnyima sehemu yake kubwa iko hapo.

Kwa ambao hamjawahi kuiona mashine ya aina hii: cherehani tuliyoizoea, iwe Butterfly ya kukanyaga au ile ya umeme ya kiwandani, unasukuma kitambaa na mashine inakaa palepale. Hii ni kinyume. Kitambaa kinawambwa kwenye fremu kama ngozi ya ngoma, kimeviringishwa kwenye mabomba huku na huku, na mashine ndiyo inayotembea juu yake. Kichwa kimekalia kigari chenye magurudumu. Kigari kinakwenda kushoto na kulia kwenye reli za fremu, na kichwa kinakwenda mbele na nyuma juu ya kigari. Unashika vishikio viwili kama vya pikipiki, unachora maua, mawimbi, chochote unachoweza. Ya kwangu shingo yake ni inchi 18 kutoka sindano hadi nguzo ya nyuma, na zipo zinazofika 30. Fremu ni futi 10, kwa hiyo sebule yangu si sebule tena. Kazi yake ni moja tu, kushikanisha matabaka matatu: juu viraka vya vitenge, katikati faiba, chini shuka. Usiinunue ukidhani utashonea gauni la send-off.

Mimi nashona kwilti za vitenge hapa Uyole. Mwezi wa sita na wa saba wenyeji mnajua, unaamka vidole havikunjiki na blanketi la dukani linakucheka. Kwilti moja ya kitanda cha futi tano kwa sita ilikuwa inanichukua siku nne kwenye cherehani ya kawaida, nikilikunjakunja lile furushi kulipitisha chini ya mkono wa mashine, na jioni mabega yanawaka. Ndiyo maana niliposikia Iringa kuna mama anauza, sikujiuliza mara mbili.

Alikuwa mtaa wa Gangilonga, anafunga nyumba kurudi kwao. Mashine ilikuja kwenye kontena kutoka Marekani miaka kadhaa nyuma. Mama wa watu akatukaribisha chai, akawasha, akashona ua kubwa mbele yetu kwenda kila upande, haikuruka hata hatua moja. Nalisema hili mapema ili ijulikane mashine ilitoka kwao nzima. Yaliyofuata ni ya njiani, na mengine ni ya kwangu mwenyewe, nitayasema.

Kuifungua tulitumia siku nzima, mimi na mdogo wangu. Tulichofanya vizuri: tulipiga picha kila kiungo kabla ya kukigusa, tukabandika selotepu yenye namba pande mbili za kila maungio, namba 7 ikutane na namba 7, na boliti tukaziweka kwenye makopo ya Blue Band, kila kopo na mguu wake. Picha zile zilikuja kuniokoa. Kichwa tukakivua kutoka kwenye kigari, watu wawili, kwa uzito wa mgongo wangu nakadiria kilo 30, tukakizungushia godoro na kamba. Tukajiona mafundi. Hatukutoa sindano. Hatukutoa kesi ya bobini, kile kikopo cha uzi wa chini. Tuliifunga ile mashine kama watu wanaohamisha friji.

Haya, mchukuzi.

Nilimpata Ipogolo kwa kuelekezwa na mtu, ana Canter inayorudi Mbeya tupu. Tukapatana shilingi 180,000 hadi mlangoni kwangu, na sharti moja nililolisema mara tatu mbele ya mdogo wangu: juu ya mzigo wangu hakiwekwi kitu. Akasema, "Dada, mimi mzigo wa watu nauheshimu." Kuondoka ilikuwa saa moja asubuhi. Tukaondoka saa tano, maana saa moja ya mchukuzi ni kiungo cha mazungumzo tu.

Mafinga akasimama "dakika kumi". Nilikuwa nimekaa mbele, nachezea simu, nikasikia gari linashuka kama mtu anayekaa kwenye kochi. Kutazama kwenye kioo cha pembeni, vijana wanapanga mbao za mbili kwa nne juu ya reli zangu. Nikashuka mbio. Mchukuzi hata hakubabaika: "Hizi kavu dada, hazina uzito." Aliyewahi kubeba mbao za Mafinga begani ananielewa. Nikagombana, nikapigana, mwisho wakazisogeza upande mmoja, lakini zile za chini kabisa zilishakaa na hawakuzitoa. Ningeshusha mzigo wangu pale barabarani? Niulaze wapi?

Makambako upepo wake mnaujua. Turubai likafunguka kona moja likawa linapigapiga kama bawa la kuku aliyekamatwa, na tulipokuja kulifunga vumbi lilishafika linakotaka. Tulipoteremka kuelekea Igawa na Chimala joto likatupokea, sweta zikavuliwa. Igurusi akanunua mchele, magunia mawili, hayo angalau akayaweka miguuni mwangu. Uyole tumeingia saa tatu usiku. Wakaja vijana wa kushusha, na mmoja wao, kabla sijamwahi, akakikumbatia kichwa cha mashine kwa kukamata lile gurudumu la pembeni la kuzungushia kwa mkono. Nilisikia mlio mdogo ndani ya godoro. *Ka.* Mlio wa kijiti cha kiberiti. Nikajiambia si kitu.

Nyota mbili nampa kwa haki: hakukimbiza gari hata mara moja, mteremko aliushuka kwa gia, na pamoja na kelele zangu zote hakuongeza hata mia. Zile tatu ziko chini ya mbao za Mafinga.

Kabla sijafika kwenye kuruka kwa mshono, kuna habari ya umeme. Mashine za Marekani nyingi zinataka volti 120, na ukutani kwetu zinatoka 230. Plagi ukiibadilisha inaingia vizuri kabisa, hapo ndipo wengi wanapounguzia bodi. Mdogo wangu alikuwa ameshaikata plagi na amefunga ya kwetu, kidole kiko kwenye swichi, nilipopita kusoma kibandiko cha nyuma ya mota. Tukanunua transfoma ya kushusha umeme, ya wati 1,500, nzito kama kinu, inanguruma kidogo na haijanisumbua. Soma kibandiko kwanza. Zipo zinazokubali volti zote mbili, na huwezi kujua kwa kutazama sura ya mashine.

Tukaifunga kwa kufuata picha. Siku ya kwanza niliiachia vishikio ili nikafungue mlango, kurudi naikuta mashine inatembea yenyewe, taratibu, kuelekea dirishani. Mtoto wa jirani alikimbia. Kumbe sakafu ya nyumba nyingi za kupanga imelazwa kidogo ili maji ya kudekia yatoke, na fremu ikiinama hata kidogo kichwa kinatafuta bondeni. Pima maji ya fundi mwashi na skrubu za miguuni zikamaliza hilo, nusu saa. Kisha mshono ukawa unatoka hatua ndefu, fupi, ndefu. Kuna kigurudumu kidogo kinachotambaa kwenye reli na kuiambia mashine unakwenda kasi gani, ili iongeze au ipunguze mapigo na hatua zitoke sawasawa. Cha kwetu kilikuwa kinaelea, hakigusi reli, springi yake tuliifunga kinyume. Picha ya Gangilonga ikatuonyesha. Nikafuta na reli zote kwa kitambaa chenye unyevu, ikatoka rangi ya Makambako.

Lakini ikabaki inaruka. Na si kuruka kwa kawaida. Ukienda kulia, mshono safi kama uliochapwa. Ukigeuka kushoto, hatua mbili zinashika, ya tatu inaruka, unabaki uzi mrefu umelala juu ya kitambaa. Ukilazimisha, unakata uzi. Nikabadilisha uzi, nikakaza, nikalegeza, nikaisafisha, nikaiombea.

Nikaita fundi wa kwanza, huyo wa elfu thelathini. Alikuja na pikipiki na haraka. Akaona inaruka, akasema sindano imeisha, hapo hakukosea. Akatoa ya kwake mfukoni, DBx1, ile ya vyerehani vya kiwandani vilivyojaa mjini, akaichomeka. Ilicheza kwenye tundu kama jino la maziwa. Mashine hii inatumia sindano za mfumo wa 134, shina lake ni duara na nene, milimita 2 kamili, wakati la DBx1 ni 1.62. Yeye akakaza skrubu mpaka ikashika upande mmoja, sindano ikawa imesimama kimshazari. Hapo ikawa inaruka pande zote. Akahamia kwenye skrubu za kukazia uzi, akazizungusha zote, ya juu na ya bobini, bila kukumbuka zilianzia wapi, akasema mashine ni mbovu niirudishe kwa mwenyewe. Pesa akapokea.

Ndipo nikaenda Mwanjelwa.

Mzee alikuja Ijumaa saa nne, na begi la shule la mjukuu wake. Hakuiwasha. Aliizunguka kwanza, akapitisha ukucha kwenye reli ya mbele kutoka mwanzo hadi mwisho, akasimama sehemu moja. "Hapa iligongwa na nini?" Nikamwambia mbao. Akaguna. Akavua kitambaa, akatoa bati la chini ya sindano, akatoa kesi ya bobini, na hapo ndipo akaniuliza, bila kunitazama: "Sindano mliitoa kabla ya kusafiri?"

Sikujibu.

"Mh," akasema.

Sindano ya asili nilikuwa nimeitunza kwenye kopo. Akaiviringisha juu ya kioo cha simu yangu, ncha ikawa inapanda na kushuka, imepinda. Maelezo yake ndiyo niliyolipia, kwa hiyo nayaweka hapa. Uzi wa juu ukishushwa na sindano hadi chini kabisa, sindano ikianza tu kupanda, uzi unabaki nyuma kidogo na kufanya kitanzi. Ndoana inayozunguka inatakiwa ipite wakati uleule, ncha yake iingie kwenye kitanzi juu kidogo ya tundu la sindano, pale sindano ilipochongwa kwa nyuma. Ikiwahi, kitanzi hakijazaliwa. Ikichelewa, kimeshakufa. Kijana wa kushusha alipokamata lile gurudumu, sindano ilishuka huku imebanwa na godoro, ikapinda, ikapiga ndoana, na ndoana ikahama kwenye ekseli yake kwa kipimo ambacho jicho halikioni. Na kwa nini kushoto tu? Mashine ikitembea inaivuta sindano, nayo inapinda kidogo kufuata mwendo. Ukienda kulia, kule kupinda kulikuwa kunaisogeza karibu na ndoana na kufidia kosa. Ukienda kushoto, kunaiweka mbali zaidi. Kwa hiyo kulia kwangu kulikotoka vizuri kulikuwa ni bahati tu.

Kuitengeneza ilikuwa hivi, na nilimshikia tochi. Akaweka sindano mpya ya 134, na kwa sababu shina ni duara, haina upande bapa wa kukuongoza, akachomeka sindano nyingine nyembamba kwenye tundu la uzi iwe kama mshale, akatazama mshale umenyooka mbele. Akazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, sindano ikafika chini kabisa, kisha akaipandisha kidogo, zaidi kidogo ya milimita 2. Hakupima kwa rula. Alipima kwa ukingo wa sarafu aliyoitoa mfuko wa shati. Akalegeza skrubu tatu za ndoana kwa spana ya L, akaisukuma ndoana kwa kidole gumba mpaka ncha ikasimama nyuma ya sindano. Akachana kipande cha karatasi ya daftari, akakipitisha katikati ya ndoana na sindano. Kikapita kwa kujivuta. "Ikipita bila kujivuta, itaruka. Isipopita, itagonga." Akakaza skrubu moja, akapima tena, akakaza ya pili, akapima tena. Mara nne. Mimi mkono wa tochi umeshakufa ganzi.

Halafu akapitisha uzi mmoja wa nailoni kwenye ncha ya ndoana, ukakwama. Palikuwa na kijino pale sindano ilipogonga, kidogo kuliko punje ya chumvi. Hicho ndicho kilichokuwa kinakata uzi. Akakisugua kwa msasa laini, ule unaoteleza kama karatasi, dakika ishirini nzima, akijaribu kwa uzi kila baada ya muda. Nikaleta chai ikapoa. Reli nayo akaisugua pale ilipobonyea, ila akanieleza wazi kwamba haitarudi kama zamani. Mpaka leo nikipita pale nasikia tuta mkononi, na maua yangu yote yana jani moja limekunja shingo. Wateja wanadhani ni mtindo.

Mwisho kabisa ndipo alipogusa skrubu za uzi. Kesi ya bobini akaining'iniza kwa uzi wake kama buibui, akatikisa mkono mara moja. Ikashuka inchi mbili, ikasimama. Hiyo aliikubali. Ikishuka hadi chini, legevu. Isiposhuka kabisa, imekazwa mno. Ukishaipata ya chini, ya juu unairekebisha kwa kutazama mshono wenyewe, matanzi yakiwa chini kaza, yakiwa juu legeza. Akawasha. Akaniambia nishike mimi. Nikaenda kulia, nikaenda kushoto, nikazungusha duara. Mzee anafuata kwa kidole juu ya mshono, macho amefumba.

"Ndaga fijo," nikamwambia, asante sana ya Kinyakyusa. Akacheka, akaniuliza kama maandazi yapo.

Alichukua 50,000 na nauli. Hiyo nusu nyota: Jumatano kuwa Ijumaa bila simu, hana risiti, na mafuta aliyoweka yalidondokea shuka jeupe la mteja usiku ule, nikalazimika kununua lingine. Baada ya kuweka mafuta, shona kwanza kwenye matambara, dakika kumi au zaidi. Hakuniambia, na mimi sikuuliza.

Mashine yenyewe? Kwilti ya siku nne sasa naiwamba asubuhi na jioni naikunja. Mwezi wa nane nahamia nyumba nyingine, Iyunga, na mara hii sindano na kesi ya bobini vitasafiri kwenye pochi yangu, gurudumu la pembeni nitalifunga kwa kamba lisizunguke, na reli zitapanda mwisho, juu ya kila kitu. Mchukuzi alishanitumia ujumbe kwamba Canter ipo. Nimemuuliza kama Iyunga kuna mbao.

Mzee ukimpigia mchana hapokei, hasikii kwa sababu ya mashine. Nenda Mwanjelwa kabla ya saa tatu asubuhi, na ubebe sindano yako uliyoitoa, hata kama imevunjika. Ndiyo atakayoitaka kwanza.